Jinsi Vyuma Vilivyoshinda Mizani

Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani, daktari wa jeshi la majini Albert Behnke na mwenzake Welham walichapisha matokeo ya kuwapima wachezaji 25 wa kulipwa wa kandanda ya Kimarekani. Kwa majedwali ya uzito na urefu yaliyotumika siku zile, 17 kati yao walihesabiwa kuwa wanene kupita kiasi, watu ambao jeshi lingeweza kuwakataa. Behnke hakuyaamini majedwali hayo. Kila mchezaji alipimwa nchi kavu, kisha akapimwa tena akiwa amezamishwa majini, kwa kanuni ile ile ya Archimedes. Mafuta ya mwili yana uzito wa takriban gramu 0.9 kwa kila mililita, kwa hiyo huelea. Sehemu isiyo mafuta, yaani misuli, mifupa na viungo vya ndani, ina takriban gramu 1.1, kwa hiyo huzama. Mtu mwenye mafuta mengi akiingia majini hubaki na uzito mdogo sana, na mwenye misuli mingi hubaki mzito. Wengi wa wale walioitwa wanene walikuwa wazito hata majini. Miili yao ilijaa misuli, na mafuta waliyokuwa nayo yalikuwa kidogo.

Historia ya kubeba vyuma kwa kawaida husimuliwa kama historia ya wababe: nani aliinua nini, nani alikuwa na kifua kipana kuliko nani. Simulizi hiyo inafurahisha, lakini haielezi kwa nini mazoezi haya yalichukua zaidi ya miaka mia moja kukubalika kuwa dawa. Kwa maoni yangu sababu iko kwenye vipimo. Karibu kila imani potofu kuhusu vyuma, kwamba vinakakamaza mwili, kwamba vinamharibu mwanamke, kwamba havipunguzi unene, au kinyume chake kwamba vinayeyusha mafuta hata ukiwa umelala, iliishi kwa sababu watu walikipima kitu kisicho chenyewe. Na katika vipimo vyote, kilichopotosha zaidi ni mizani ya kawaida, ile ile inayotumika hadi leo kwenye zahanati na kwenye maduka ya dawa.

Katikati ya karne ya 19 alikuwepo Boston daktari kijana, George Barker Windship, aliyehitimu udaktari Harvard na kuzunguka miji ya Marekani akihubiri kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye afya. Alijifunga mikanda mabegani na kuinua kutoka chini, kwa sentimita chache tu, mzigo wa zaidi ya kilo 900. Wakati huo huo Dio Lewis, naye wa Boston, alifundisha kinyume chake: vyuma vizito vinamfanya mtu awe mzito wa mwendo, na kinachofaa ni vipande vyepesi vya mbao vinavyorushwa kwa muziki. Mabishano yao yangeweza kuamuliwa kwa vipimo, ila vipimo havikuwapo. Yaliamuliwa na kifo. Mwaka 1876 Windship alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 42, na waliokuwa na shaka wakapata ushahidi walioutaka. Kifo cha mtu mmoja hakithibitishi chochote kuhusu zoezi lolote, lakini kwa miaka mingi baadaye vyuma vizito vilinuka hatari katika vyuo vya Marekani, na mbao za Lewis zikawa ndiyo elimu ya viungo.

Kisha akaja Eugen Sandow, Mjerumani aliyezaliwa Königsberg mwaka 1867, ambaye alikuwa na akili ya biashara kama alivyokuwa na misuli. Alitambua kwamba watu walilipa kumtazama zaidi ya walivyolipa kuona mzigo aliouinua. Mwaka 1901 aliandaa shindano kubwa katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, na pamoja naye mezani pa waamuzi walikaa mchongaji sanamu Charles Lawes na mwandishi Arthur Conan Doyle. Huo ulikuwa mwanzo wa mashindano ya watunisha misuli tunayoyajua. Ukitazama muundo wa jopo lile utaona kilichokuwa kikipimwa: macho ya mchonga sanamu, pamoja na futi ya fundi cherehani iliyozungushwa kifuani na mkononi. Futi hueleza ukubwa. Haisemi kilichomo ndani ni msuli au ni mafuta, wala haisemi kama mtu amepata afya. Sandow alistahili sifa kwa kuwashawishi makarani na wauza duka wafanye mazoezi, lakini elimu aliyoacha ilikuwa elimu ya umbo.

Jambo la kusikitisha ni kwamba maabara za wakati huo zilikuwa tayari na majibu kadhaa, ila hakuna aliyeyapeleka kwenye ukumbi wa mazoezi. Mkemia Justus von Liebig alikuwa amefundisha kwamba msuli huunguza protini yake wenyewe unapofanya kazi. Mwaka 1865 Adolf Fick na Johannes Wislicenus wakapanda mlima Faulhorn nchini Uswisi ili kuijaribu kauli hiyo. Kwa muda wa safari na kabla yake hawakula nyama, yai wala maziwa, walikula vikate vya wanga vilivyokaangwa kwa mafuta, jamaa wa karibu wa andazi, wakashushia na chai yenye sukari. Mkojo wao wote ulikusanywa ili kupima nitrojeni, alama ya protini iliyovunjwa. Walipopiga hesabu, protini hiyo isingetosha hata kidogo kuwafikisha kileleni. Kazi ilikuwa imefanywa na wanga na mafuta. Mwaka 1897 Benedetto Morpurgo, Mwitaliano, akachunguza misuli ya mbwa waliokimbizwa kwa muda mrefu, akakuta msuli umenenepa kwa sababu kila uzi wake umenenepa. Idadi ya nyuzi haikuongezeka. Kwa kazi hizo mbili peke yake, uvumi unaosikika hata leo, kwamba mafuta hugeuka misuli ukianza mazoezi na misuli hugeuka mafuta ukiacha, ulipaswa kufa kabla ya karne ya 20 kuanza. Mafuta na misuli ni tishu mbili tofauti. Moja inaweza kupungua huku nyingine ikiongezeka, kila moja kwa njia yake.

Badala yake karne ya 20 ilianza kwa hofu mpya. Makocha wa riadha, wa ngumi na wa mpira walikataza wachezaji wao kugusa vyuma, wakisema misuli iliyojazwa kwa vyuma hufunga viungo na kumfanya mtu awe mzito. Peter Karpovich, mwalimu wa fiziolojia wa Chuo cha Springfield, Massachusetts, alikuwa mmoja wa walioamini hivyo. Mwaka 1940 Bob Hoffman, mfanyabiashara wa vyuma kutoka York, Pennsylvania, alifika chuoni hapo na wanyanyua vyuma wake, akiwemo John Grimek. Karpovich aliuliza mbele ya watu kama Grimek angeweza kujikuna katikati ya mgongo. Grimek alijikuna, kwa mkono huu na kwa mkono ule, kisha akaonyesha unyumbufu ambao wengi ukumbini hawakuwa nao. Kinachonifanya nimheshimu Karpovich ni alichofanya baadaye. Alirudi maabara. Mwaka 1951, yeye na William Zorbas walichapisha jaribio la kasi ya mikono kwa wanaume 600, nusu wakiwa wanyanyua vyuma. Wanyanyua vyuma ndio waliokuwa na kasi zaidi. Hofu iliyodumu vizazi kadhaa ilikuwa haijawahi kupimwa hata mara moja.

Ila mlango wa hospitali ulifunguliwa na vita. Katika hospitali ya jeshi ya Gardiner, Chicago, vitanda vilijaa askari waliovunjika mapaja na kuumia magoti, na matibabu ya viungo yaliyozoeleka yaliwataka wainue uzito mdogo mara nyingi sana, miezi mingi, bila msuli kurudi. Daktari kijana Thomas DeLorme, ambaye ujanani aliugua homa ya baridi yabisi na kujijenga upya kwa vyuma, aliamua kuwapa wagonjwa mizigo mizito. Aliwafunga kiatu cha chuma chenye kipande cha bomba chini ya unyayo, sahani za uzito zikiwekwa pande zote mbili, na mgonjwa akakaa ukingoni mwa meza akinyoosha goti. Taarifa yake ilitoka mwaka 1945. Mwanzoni aliwafanyisha seti nyingi hadi jumla ya mara 70 hadi 100, na kufikia mwaka 1948, akiwa na Arthur Watkins, aliona seti tatu za mara kumi zinatosha: ya kwanza kwa nusu ya uzito ambao mtu anaweza kuuinua mara kumi, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa uzito wote. Nguvu ikiongezeka, uzito unaongezwa. Vijana wanaobeba makopo ya rangi yaliyojazwa zege nyuma ya nyumba zao Tandika au Kayole, wakihesabu kumi, kumi na kumi, wanafuata mpangilio uliotoka kwenye wodi ile.

DeLorme alipima nguvu. Suala la mafuta lilibaki palepale, na hapo ndipo vyuma vilipopata mshindani mkali. Mwaka 1968 Kenneth Cooper alichapisha kitabu chake kuhusu mazoezi ya moyo na mapafu, na mamilioni ya watu wakaingia barabarani kukimbia. Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo, katika tamko lake la mwaka 1978 kuhusu mazoezi kwa watu wazima wenye afya, kilishughulikia zaidi moyo na mapafu, na ni tamko la mwaka 1990 lililoyapa mazoezi ya misuli nafasi yake. Hoja ya wakimbiaji ilikuwa nzito na bado ni nzito. Mtu akikimbia nusu saa hutumia nishati nyingi kuliko akibeba vyuma nusu saa, kwa kuwa mbeba vyuma hupumzika baina ya seti. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke uliochapishwa mwaka 2012, watu 119 wenye uzito uliozidi walifuatwa kwa miezi minane. Waliokimbia na kutembea kwa kasi walipungua uzito na mafuta. Waliobeba vyuma peke yake waliongezeka kama kilo moja. Mtu anayesoma mizani tu angesema vyuma vimeshindwa, na angekuwa na haki kwa upande mmoja: anayetaka tu kupunguza mafuta, kwa muda alionao, atafika haraka zaidi kwa miguu. Lakini ile kilo moja iliyoongezeka haikuwa mafuta.

Ushahidi unaonishawishi zaidi ni wa zamani kidogo. Mwaka 1988 Douglas Ballor na wenzake waligawa wanawake 40 wanene katika makundi manne kwa wiki nane: waliopunguza chakula tu, waliopunguza chakula huku wakibeba vyuma, waliobeba vyuma tu, na wasiobadili kitu. Makundi mawili yaliyopunguza chakula yalipungua uzito karibu sawa, kilo nne na nusu upande mmoja, chini kidogo ya kilo nne upande mwingine. Kwenye mizani, waliokula kidogo bila vyuma walikuwa washindi. Ndani ya mwili mambo yalikuwa kinyume. Waliopunguza chakula tu walipoteza karibu kilo moja ya tishu isiyo mafuta, na wale waliobeba vyuma waliongeza karibu nusu kilo ya tishu hiyo hiyo huku wakila kidogo. Kwa hiyo walipoteza mafuta mengi zaidi kwa uzito uleule. Huo ndio mchango mkubwa wa vyuma katika suala la unene: mtu anapofunga mkanda wa chakula, vyuma huuambia mwili uguse mafuta na uache misuli. Na ieleweke kwamba wanawake wale hawakuota vifua vya Sandow, kama wanavyoogopa wengi. Walilinda walichokuwa nacho.

Upande wa pili wako wanaovitukuza vyuma kupita kiasi, na hao nao lazima wajibiwe. Wauzaji wa programu za mazoezi husema kila kilo ya msuli huunguza kalori mia na zaidi kwa siku hata ukiwa umelala. Si kweli. Hesabu iliyotolewa na Marinos Elia mwaka 1992, na kuthibitishwa na wengine baadaye, ni kalori 13 kwa kilo ya msuli uliotulia kwa siku, dhidi ya kalori nne na nusu kwa kilo ya mafuta. Ini hutumia takriban 200 kwa kilo, ubongo 240, moyo na figo 440. Mtu aliyehangaika miezi minne akapata kilo mbili za msuli amejiongezea kalori 26 kwa siku, ambazo ni kijiko kimoja na nusu cha sukari katika chai. Hata hivyo hesabu haiishii hapo. Mwaka 1994 Richard Pratley na wenzake waliwafundisha vyuma wanaume 13 wa miaka 50 hadi 65 kwa wiki 16, wakakuta nishati wanayotumia wakiwa wamepumzika imepanda kwa asilimia 7.7, zaidi ya ambavyo msuli ulioongezeka ungeweza kueleza. Homoni ya noradrenalini kwenye damu ilikuwa imepanda pia, na ukarabati wa msuli baada ya zoezi ni kazi inayokula nishati. Ongezeko hilo ni la kweli, ni dogo, na linadumu kadiri mtu anavyoendelea na mazoezi.

Faida kubwa kwa umetaboli iko mahali pengine, kwenye sukari. Msuli ndio ghala kuu linalopokea glukosi ya damu insulini inapoita, na msuli unaofanya kazi huipokea hata insulini inapokuwa dhaifu. Mwaka 2002 Carmen Castaneda na wenzake wa Boston waliripoti kuhusu wazee 62 wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliokuwa na kisukari cha aina ya pili. Waliobeba vyuma kwa wiki 16 walishusha kipimo cha sukari ya miezi mitatu kutoka asilimia 8.7 hadi 7.6, na wengi wao wakapunguziwa dawa. Ushukaji wa kiasi hicho unakaribiana na ule unaotarajiwa kutoka kwa baadhi ya vidonge vya kisukari. Mizani isingeuona.

Kwetu Afrika Mashariki kuna pingamizi linalotolewa kwa nia njema: mama zetu wanabeba ndoo na kuni tangu utotoni, wachukuzi wa masokoni wanabeba magunia, vyuma ni vya nini? Jibu lilipatikana Nairobi. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy na wenzake waliwapima hewa waliyovuta wanawake wa Kijaluo waliobeba mizigo kichwani na wa Kikuyu waliobeba kwa ukanda wa paji la uso. Hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili, mzigo haukuwaongezea matumizi ya nishati yaliyoweza kupimika. Wale mama walikuwa na ustadi ambao askari waliozoezwa kubeba vifurushi mgongoni hawakuwa nao. Lakini ona maana yake: mwili uliozoea mzigo uleule, njia ileile, miaka nenda miaka rudi, hujifunza kuubeba kwa gharama ndogo. Utafiti wa Herman Pontzer wa mwaka 2012 kwa Wahadzabe wa bonde la Eyasi ulikwenda mbali zaidi. Wawindaji wale, pamoja na kutembea kwao kutwa, hawakuonekana kutumia nishati nyingi kwa siku kuliko watu wa Marekani na Ulaya, ukizingatia ukubwa wa mwili. Mwili hubana matumizi. Kwa hiyo kazi nzito ya kila siku, pamoja na heshima yote inayostahili, haifanyi kazi ya mzigo unaoongezwa hatua kwa hatua, ambao hauuachi mwili uzoee. Na wajukuu wa mama wale leo wako nyuma ya meza za ofisi na juu ya bodaboda, kitambi kikihesabiwa bado kuwa dalili ya mambo kwenda vizuri.

Atakayesema kwamba majedwali ya uzito na kipimo cha uzito kwa urefu, BMI, alichokipa jina Ancel Keys mwaka 1972, hukosea tu kwa wachezaji wachache wenye misuli, ana sehemu ya ukweli. Kwa kupima taifa zima kipimo hicho ni rahisi na kinafaa. Ila kosa lake linalodhuru zaidi liko kwa mtu asiye na misuli kabisa. Mzee aliyepoteza kilo sita za msuli na kupata kilo sita za mafuta hajabadilika hata gramu. Mizani itamwambia yu salama, ilhali hawezi kuinuka kitini. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walikwenda kwenye nyumba ya wazee ya Boston wakachukua watu kumi wa miaka 86 hadi 96, dhaifu, wenye maradhi kadhaa, wakawafundisha kunyoosha goti kwa uzito mkubwa, zoezi la DeLorme lile lile, kwa wiki nane. Nguvu ya waliomaliza ilipanda kwa wastani wa asilimia 174, na ukubwa wa msuli wa paja kwa asilimia 9. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya nguvu mpya ilitoka kwenye neva zilizojifunza kuita nyuzi zilizokuwa zimelala. Msuli wa miaka 90 ulikuwa bado unasikia.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi kwa wiki, na tangu 2020 linawataka wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujiweka sawa wasianguke, siku tatu au zaidi. Zahanati zetu zinaweza kuanza kesho bila mashine yoyote: futi ya kupima kiuno, kiti cha kuhesabu mzee anainuka mara ngapi kwa nusu dakika, na kopo la zege kwa anayehitaji kuanza. Mhudumu anayemwandikia mgonjwa kilo zake kwenye kadi na aandike pia kiuno chake na idadi ya kuinuka kwake.